Mpangaji wa Nne Nukta Moja

2 Machi

Mzee Kiganja,

Shikamoo. Naanza na habari njema kwa sababu ni moja tu: paka wetu, mpangaji, bado yupo. Analala palepale nyuma ya kompyuta penye joto, amenenepa, na amezaa tena. Siku hizi anayempa maziwa ni mlinzi, maana mimi kituoni siingii. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu nisimamishwe kazi.

Ningekupigia, lakini najua kwako simu ni mvumo tu. Miaka thelathini ya pampu ilishakula masikio. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu, naandikia juu ya goti.

Ilikuwa tarehe 11 Februari, zamu ya asubuhi. Watu wa barabara walikuwa wanachimba kule kwenye kona ya juu, na kijiko cha tingatinga kikakata kwa mkupuo mmoja bomba linaloleta maji kwenye tangi la pili na waya wa kipimo cha tangi hilohilo. Mimi sikujua. Nilikuwa mbele ya skrini kama siku zote. Ukurasa ule unaujua kuliko ninavyoujua mimi: mabomba ya bluu, pampu tatu, na juu kulia kile kisanduku cha kina cha maji. Tangi likijaa linasimama kwenye 4.1, na muda mwingi limejaa. Waya ulipokatika, kisanduku kilitakiwa kiwe kitupu, kijivu. Mzee, mimi niliona 4.1. Ilikuwa hafifu kidogo, nikadhani ni mwanga wa dirisha. Nikaandika kwenye daftari saa moja, saa mbili, saa tatu, saa nne, saa tano. Nne nukta moja mara tano. Saa tano na nusu pampu ikaanza kulia kama mtu anayekwaruza sufuria, na kabla sijafika kwenye swichi ilikuwa inatoa moshi. Tangi lilikuwa kavu. Ile swichi ya kujizima yenyewe ilikufa tangu enzi zako, unajua.

Upande wa mashariki wa mji ulikaa siku mbili bila maji, pamoja na wodi ya wazazi. Walikuwa wanabeba ndoo ghorofa tatu.

Sasa kamati inasema nimepika takwimu. Kompyuta ilirekodi kitupu, daftari langu linasema 4.1, kwa hiyo nilikuwa nimesinzia nikajaza baadaye. Kosa la kuharibu pampu wangenisamehe, wameniambia wazi. Kughushi hawasamehe, na ukitolewa kwa kughushi kina cha maji hakuna kituo kingine kitakachokupa hata ufunguo wa bomba la uani.

Fundi kompyuta amenieleza pembeni. Anasema skrini hizi bapa si kama zile za kichogo, ambazo picha ikiungua ndiyo imeungua. Hizi ndani zina kitu kama majimaji, na chembe zake zinageukageuka kupitisha mwanga. Ukizishikilia mkao mmoja miezi na miaka, zinachoka, zinasahau kurudi. Picha ya zamani inabaki kama kivuli, na kivuli hicho huonekana zaidi penye kijivu. Ukurasa wetu haujawahi kubadilishwa tangu uliponikabidhi, na hata wewe hukuruhusu mtu aubadilishe.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ulikaa mbele ya skrini ile miaka mingi. Kama uliwahi kuona kivuli, andika mistari mitatu tu kwa kamati. Neno lako pale ni msumari.

Mama yangu nimemwambia nipo likizo. Kila jioni bado ananipigia sare pasi, na mimi namwacha apige.

Mwanafunzi wako

*

12 Machi

Binti yangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na tumesikitika sana mimi na mama yako wa huku. Pole. Kazi ni mitihani, na mtu mwenye subira huwa anatoka salama.

Kuhusu skrini, mimi sikuona kitu. Miaka yangu yote pale ilikuwa safi. Cheti changu cha miaka mitatu bila kosa kinaning'inia sebuleni, na kila mgeni anakisoma kabla hajakaa. Labda ulichoka siku hiyo, mwili ni mwili. Ukiwaeleza kwa unyenyekevu kwamba ulichoka, watakuelewa.

Afya yangu ni nzuri. Nakaa barazani, natazama watu wakipita. Msalimie mpangaji, mwambie nilimpenda sana na nakumbuka alivyokuwa ananirukia mapajani.

Mzee Kiganja

*

20 Machi

Mzee,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa.

Jana waliitoa ile skrini stoo ambako ilifungiwa kama ushahidi. Waliiweka mezani mbele ya kamati, watu watano na chupa ya chai. Fundi akaiwasha, akaweka rangi ya kijivu skrini nzima, na mimi nikasema moyoni, haya, sasa wataona wenyewe.

Ilikuwa safi kama sahani. Hakuna namba, hakuna mstari, hakuna kitu.

Fundi akajaribu kuwaeleza. Alisema imekaa wiki tano imezimwa, imepumzika, chembe zimerudi mahali pake na kivuli kimeondoka. Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa hiyo ushahidi wenu ni kwamba hakuna ushahidi?" Watu wakacheka. Hata mimi nilikaribia kucheka, Mzee, kwa uchovu tu. Waliifungia stoo ili wasiharibu ushahidi, na kule kuifungia ndiko kulikoufuta.

Halafu mwenyekiti akafungua madaftari yako. Akayapanga mezani yote, miaka mitatu ya mwisho. Nne nukta moja, nne nukta moja, nne sifuri, nne nukta moja, mwandiko umenyooka kama umepigwa rula. Akasema, "Huyu bwana alitumia skrini hiihii na hakukosea hata siku moja. Tatizo ni skrini au ni mtu?"

Nilikaa nikiangalia mwandiko wako nikakumbuka ulivyonifundisha. Kila saa, kabla ya kuandika, unainuka, unaweka kiganja juu ya bomba kubwa, unafumba macho, halafu unarudi kuandika. Sisi tulikuwa tunakucheka. Tulikupa jina kwa ajili hiyo. Nilidhani ni mbwembwe za wazee wa kazi.

Unaniambia labda nilichoka. Ni kweli, nimechoka. Lakini tarehe 11 asubuhi sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, na niliona 4.1 kwa macho yangu mawili.

Nakuuliza tena, na safari hii sitaki pole. Uliwahi kuona kivuli kwenye skrini ile? Ndiyo au hapana. Kikao cha mwisho ni tarehe 16 Aprili.

Mwanafunzi wako

*

27 Machi

Binti,

Nimekwishajibu. Mimi ni mtu mzima niliyestaafu kwa heshima, na mambo ya kituo nimeyaacha kituoni. Naomba usiniandikie tena juu ya jambo hili. Linanikosesha usingizi na daktari amekataza.

Nakutakia kila la heri.

Mzee Kiganja

*

1 Aprili

Mzee,

Shikamoo. Sitakusumbua tena, hii ndiyo ya mwisho.

Wameniita ofisini wakanipa njia ya mkato. Nikisaini kwamba nilijaza daftari bila kusoma skrini, watanipa barua ya kuacha kazi kwa hiari na hawataandika neno kughushi. Nikikataa, kamati itaamua, na kamati imeshaamua, sura zao zinasomeka kuliko skrini. Nimewaambia nitasaini tarehe 10. Nimechoka kuongea na watu wanaonitazama kwa huruma ya kumsikiliza mwongo.

Kinachoniuma si kazi peke yake. Ni kwamba nitasaini jambo ambalo sikulifanya. Nilisoma. Hilo ndilo kosa langu lote, nilisoma kilichokuwepo mbele yangu.

Tena miaka yote uliniita Mwanafunzi, hata siku niliyovunja glasi ya kipimo cha shinikizo ulinifokea "Mwanafunzi!" mpaka mlinzi akaja mbio. Sasa umeniita Binti. Nimeelewa. Mtu akitaka kukaa mbali nawe anaanza na jina.

Siku ya makabidhiano ulinipa funguo, ukanipigapiga begani, ukaniambia, "Haya, nimekuachia chumba. Ila usimwamini mpangaji." Nilicheka, nikadhani unaogopa ataniibia samaki. Miaka miwili nimemlisha paka yule, na nimemwamini, na hajaniibia kitu. Nikiondoka nitamwachia mlinzi.

Mama ameniuliza leo, ni likizo gani hii isiyoisha. Nimemwambia wameongeza.

Kaa salama.

Mwanafunzi

*

5 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko ni uleule, lakini anayeandika leo ni mimi, mke wake. Hata zile mbili zilizopita niliandika mimi, nikitegemea udhani ni uzee umebadilisha mwandiko wake. Sikuandika alichosema yeye. Niliandika nilichotaka mimi.

Nakuomba usichane hii kabla hujafika mwisho.

Mzee wako haoni. Pembeni anaona kidogo, lakini katikati kuna ukungu, na sisi tunaishi katikati. Uso wangu haujui siku hizi, anaujua mkono wangu. Herufi za ukubwa wa kiganja anazisoma, ukimwandikia kwa kalamu nene neno moja kwenye karatasi nzima. Nyuma ya kalenda za zamani namwandikia CHAI, namwandikia DAWA, tukigombana namwandikia HAPANA. Mengine namsomea kwenye sikio la kulia, kwa sauti ambayo majirani wanadhani tunatukanana.

Macho yalianza miaka minne kabla hajastaafu. Nilijua mimi peke yangu. Siku aliyopewa kile cheti nilimfunga tai mwenyewe, akaenda jukwaani akihesabu hatua nilizomhesabia. Ndani ya gari akaniambia, "Nisomee." Nikamsomea njia nzima. Hajawahi kukiona cheti kile, mwanangu. Anajua kinasema nini kwa sababu nilimsomea, na amekishika kwa vidole mpaka kioo kimepata ukungu.

Barua yako ya kwanza ilipokuja nilimsomea salamu tu. Kivuli, skrini, kamati, vyote nilivimeza. Niliona wazi kwamba akiandika kile unachoomba watamuuliza la pili na la tatu, na watafika kwenye macho. Kwa hiyo nikachagua jina lake nikakutoa wewe. Nilijiambia wewe ni kijana, utapata kazi nyingine. Watu wazima tunapenda kuwaambia vijana hivyo. Nimekukosea sana na nimemkosea yeye, na nilikuwa napika na kufua huku nalijua hilo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Barua yako ya tatu ilifika nikiwa kliniki. Mleta barua akamkuta barazani, na mzee akamwambia, nisomee kwa sauti. Yule bwana ana koo la mnadani. Akaisoma yote uani, maneno ya kusaini, maneno ya mama yako na likizo, mpaka jirani akaacha kufua. Alipofika pale pa "usimwamini mpangaji" mzee akamshika mkono. "Rudia hapo." Akarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu akamwachia, akakaa.

Niliporudi alikuwa bado amekaa vilevile, chai imepoa. Akaniuliza, "Huyu Mwanafunzi ana paka?"

Nikasema, "Anaye. Si yule mpangaji?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikaisha ghafla, akafunika uso kwa viganja vyake viwili. Nikamsikia anasema, "Mke wangu, mpangaji si paka."

Hapo nikamweleza yote, barua zako na za kwangu. Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Leta kalamu, na safari hii uandike ninachosema." Tumeandika toka mchana mpaka jua linaingia jikoni. Kila mstari aliniambia nimsomee, na pale nilipolainisha neno alijua, sijui alijuaje.

Barua yake kwa kamati iko ndani. Na cheti kimo ndani pia, amekitoa kwenye fremu yeye mwenyewe. Pale ukutani pamebaki mraba mweupe kuliko ukuta mwingine. Nilitaka kuning'iniza kalenda hapo, akanikataza.

Naipakia kwenye basi la asubuhi, kaichukue stendi mwenyewe. Usisaini kitu.

Mama yako wa huku

*

5 Aprili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nidhamu.

YAH: SKRINI YA CHUMBA CHA PAMPU

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ndiye niliyekuwa mwendesha pampu kabla ya huyu mnayemshtaki. Naandikiwa na mke wangu kwa sababu sioni. Maneno ni yangu.

Kivuli kilikuwepo. Mtu wa kwanza kukiona alikuwa fundi kompyuta wa wakati ule, miaka mitatu kabla sijastaafu. Alichomoa waya ili asafishe, kisanduku kikawa kijivu, na namba ikabaki humo. Alinieleza kwamba skrini imechoka, niache ile picha ya kuipumzisha ijiwashe, na jioni niizime. Aliipumzisha Jumamosi na Jumapili kivuli kikaondoka. Tukairudisha kwenye ukurasa wake, na baada ya siku tano kikarudi. Akasema ndivyo itakavyokuwa, ikishachoka mara moja inachoka upesi.

Nilimwambia aache kama ilivyo, na asiandike kwenye taarifa. Fundi yule alikuwa ananiheshimu, akaacha. Sababu sikumwambia. Nawaambia ninyi. Skrini ikilala, mtu anatakiwa ashike kipanya, atafute ukurasa, abonyeze. Mimi nilikuwa sikioni tena kile kishale cha kipanya. Ukurasa ukipotea ningelazimika kumwita mtu, na mtu angejua. Kwa hiyo niliifungia isilale kamwe. Chembe zile ziliichoka namba ile kwa ajili ya macho yangu.

Mtauliza nilisomaje. Sikusoma. Nilikuwa naweka kiganja kwenye bomba kubwa, halafu naandika nikifuata rula kwa kidole. Tangi likiwa limejaa bomba linatetemeka taratibu na ni la baridi mpaka juu. Likipungua linatetemeka kwa kukatakata. Kwa mkono naweza kutofautisha nne nukta moja na nne sifuri, na chini ya hapo nazima pampu kwanza naandika baadaye. Sikukosea, hilo ni kweli. Lakini zile namba mlizozipa cheti hazikutoka kwenye skrini, na cheti chenu kinasema "usomaji makini". Nakirudisha.

Mimi niliandika nisichokiona mkanivalisha shada. Huyu aliandika anachokiona mkamwita mwongo. Naomba mlitazame hilo taratibu.

Kuna jambo lingine, na ndilo linaloniumiza. Kile kivuli nilikipa jina, mpangaji, kwa sababu kilikaa pale na hakihami. Siku ya makabidhiano nilimwambia Mwanafunzi asimwamini mpangaji. Nilipaswa kumkalisha chini nimweleze kwa maneno ya kueleweka, nimwoneshe waya, nimwambie akitilia shaka aweke mkono kwenye bomba. Nilisema kwa utani kwa sababu kusema wazi kungezaa swali, na swali lingefika kwangu. Nikaondoka nikijidanganya kwamba nimemwonya. Yeye alidhani namsema paka. Ndugu Mwenyekiti, nilikaa kwenye chumba kile na sikujua kwamba nyuma ya kompyuta kuna paka. Sikuwa namwona.

Msiniamini kwa maneno. Chukueni skrini ileile. Iwekeni kwenye ukurasa uleule, tangi likiwa limejaa, siku tano mfululizo bila kuzima. Kisha chomoeni waya wa kipimo na mtazame kisanduku cha juu kulia.

Wenu,
Mzee Kiganja, mwendesha pampu mstaafu
(sahihi yangu imeenda upande, mniwie radhi)

*

22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua niliichukua stendi tarehe 6, nikaisoma nimesimama pale kwenye mizigo mpaka kondakta akaniuliza kama kuna msiba. Tarehe 10 sikusaini.

Kamati haikutaka. Mwenyekiti alisema hawezi kuendesha kikao kwa maelekezo ya mtu asiyeona. Fundi kompyuta ndiye aliyejitoa, akabeba skrini kifuani mpaka chumba cha pampu, akaiunganisha, akabandika karatasi: MTU ASIIGUSE. Mlinzi aliilinda kuliko lango. Siku tano.

Tarehe 16 wote walikuja kituoni, wakasimama mbele ya meza wameshika kalamu. Mimi nikaenda nyuma nikachomoa waya. Nikabaki nao mkononi. Mwenyekiti akauliza, "Sasa tangi lina kiasi gani?" Katibu akainama kidogo kwenye skrini, akasema, "Nne nukta moja," na akaiandika kwenye kumbukumbu za kikao. Ameshamaliza kuandika ndipo akaniona nimeshika waya.

Mama, tulimsikia paka anajilamba nyuma ya kompyuta.

Shtaka la kughushi limefutwa. La kuchelewa kuzima pampu limebaki kama onyo la maandishi, nami nimelipokea, ni haki yao. Wodi ya wazazi nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Muuguzi mkuu alinisikiliza, akanionesha ngazi zile ghorofa tatu, akasema, "Sawa." Sikutegemea zaidi.

Cheti niliwaomba wanirudishie nimletee Mzee. Wamekataa. Kimebaki kwenye faili, kimepigwa mhuri wa kubatilishwa. Nilibishana nao mpaka nikachoka. Mwambie hilo wewe, kwa sikio la kulia, na usililainishe.

Mama yangu nimemweleza ukweli. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu sare aliyokuwa anaipiga pasi haikuwa na jasho. Aliendelea kupiga ili nisijue kwamba anajua. Naona nyumba zetu zinafanana.

Kuhusu kukusamehe, sijafika huko. Nipo njiani, na njia yenyewe ni ndefu. Lakini ukiniandikia nitakujibu.

Kila saa ya zamu sasa, kabla ya kuandika, nainuka naweka kiganja kwenye bomba. Bado sijui kusoma. Leo nimesema nne sifuri na ilikuwa tatu nukta tisa. Muulize aliwezaje.

Kwenye bahasha hii kuna karatasi tatu za ukubwa wa kalenda, nimeziandika kwa kalamu nene. Tafadhali usimsomee. Mpe mkononi moja moja, kwa mpangilio wa namba zilizo nyuma, umwache asome mwenyewe.

Mwanafunzi

*

(karatasi ya kwanza)

MPANGAJI

(karatasi ya pili)

AMERUDI

(karatasi ya tatu)

NA MIMI